Salamu Zinazokula Chaji

Nyie vijana wa baiskeli za umeme, nawaona mkipita hapa kwangu Geita asubuhi, mmeinama kwenye usukani kama mnafukuzwa na nyuki, macho kwenye ile mistari ya chaji. Mstari mmoja ukizimika mnaitukana betri. Wa pili ukizimika mnamtukana aliyewauzia. Tangu nistaafu nimekaa kimya, mke wangu akiniambia niwaache, kila watu na zama zao. Lakini juzi mmoja wenu amekuja hapa akisukuma, jasho linamtiririka, ananiambia, "Mzee, betri hii mbovu. Dukani waliniambia kilomita sitini, mimi nimefika thelathini na tano tu." Nikaminya tairi lake la nyuma kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Nikaona heri niseme kabla sijafa na maneno yangu tumboni.

Hizo kilomita sitini za dukani si uongo. Ni za mtu mwembamba, hana mzigo, yuko kwenye lami iliyonyooka, upepo umelala, anakwenda polepole na anasaidia kwa pedeli. Mtu huyo mimi sijawahi kukutana naye. Wa kwetu ana gunia nyuma, mtoto mbele, barabara ya changarawe, na anataka kulipita lori. Basi ukisoma sitini, toa mzigo wako, toa mchanga, toa kilima, toa upepo wa mchana, toa na kiburi chako. Kinachobaki ndicho chako.

Wengi mnanijua kwa jina la Mzee Pampu. Jina nililopewa na wazazi ni Mabula, na nyumbani ni Baba Kulwa, kwa sababu mzaliwa wetu wa kwanza alikuja na mwenzake. Ufundi niliuanzia Shinyanga mjini, enzi zile baiskeli ndiyo ilikuwa gari la kila mtu. Ukishuka kwenye treni na furushi lako, unakuta wenye baiskeli wamejipanga, kiti cha nyuma kimewekewa mto wa sponji uliofunikwa kitambaa cha maua, na kengele zinalia zote kwa pamoja. Mpaka leo nikisikia kengele ya baiskeli moyo unaruka kidogo. Mimi nilikuwa nakaa kando ya soko kwa Mzee Hamadi, mtu wa pwani aliyekuja bara kwa safari ya wiki mbili akazeekea kwetu. Mkononi alikuwa na spana moja, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko msumeno.

Mzee Hamadi alikuwa na kipimo chake. Ukimaliza kutengeneza gurudumu anakuja, analiinua, analizungusha mara moja kwa mkono, halafu anakwenda kwa muuza kahawa. Anakunywa kikombe kimoja, kile kidogo, bila haraka. Akirudi akakuta gurudumu bado linazunguka, anasema "haya." Akikuta limesimama, anakaa chini na kukunja mikono, na wewe unafungua upya mbele ya wateja. Siku moja nilifungua mara tano. Nilikuwa nimekaza beringi mno nikidhani kukaza ndiyo ufundi. Wateja walicheka mpaka mmoja akaninunulia kahawa kwa huruma. Niliona aibu kubwa, na ninaikumbuka kwa mapenzi, maana hakuna aliyenifundisha tena kwa namna ile.

Kipimo hicho cha kahawa ndicho nilichozifanyia hata hizi baiskeli zenu za umeme. Breki inayogusa kidogo tu huisikii, kwa sababu mota inasukuma na wewe umekaa raha. Zamani mguu ungekwambia. Sasa mguu umelala, na betri inalipa kimyakimya. Inua gurudumu la mbele, lizungushe, sikiliza. Likisema "shwaa shwaa", breki inakula kilomita zako. Na tairi lipigeni upepo kila baada ya siku mbili, msingoje pancha. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, nami naongeza kwamba mdharau pampu atarudi kwa miguu.

Msidhani mimi nilizaliwa najua betri. Mradi ulioniajiri uzeeni ulipoleta baiskeli za kwanza za umeme, nilizigusa kwa ncha ya kidole nikiwa nimevaa ndala za mpira. Halafu nikajifanya mjuzi. Kiangazi cha kwanza wapanda baiskeli walikuwa wanafika saa tano mchana, betri za moto, nami kwa bidii yangu nazichomeka chaji papo hapo, ndani ya kontena la bati, nikijisifu kwamba hazikai bure hata dakika moja. Betri mbili nikaziua hivyo. Hazikufa siku moja. Zilipungua kama mtu mwenye ugonjwa wa siri, leo kilomita hamsini, baada ya muda arobaini, mara thelathini. Sasa najua. Betri ikifika, iweke kivulini ipoe kama chungu kilichotoka jikoni, ndipo uichaji. Na kama hutoki siku kadhaa, usiiache imejaa pomoni wala imekauka kabisa. Iache nusu na ushee.

Geita nayo ilinivua nguo. Mimi ni mtu wa Shinyanga, kwetu nchi imelala, adui ni upepo wa mchana tu. Ukitoka mapema unamkwepa. Huku kuna vilima, na kilima hakikwepeki. Siku za mwanzo nilikuwa nakipanda kilima kwa resi ya mwisho, baiskeli inakwenda mwendo wa kobe na mota inanguruma. Nikafika juu, nikashuka, nikashika mota kwa kiganja, nikaungua. Moto ule wote ulikuwa chaji yangu. Mota haipendi kusukuma mzigo mkubwa kwa mwendo mdogo. Ukikiona kilima mbele, shusha gia mapema, anza kupiga pedeli ungali kwenye tambarare, ukiingie miguu tayari inazunguka. Ukiona aibu kupiga pedeli kwa sababu umenunua umeme, basi ona pia aibu ya kusukuma.

Lakini yote hayo mnaweza kuyapata kwa fundi yeyote. Kilichonifanya niseme ni habari ya Mama Shija, na humo mwenye makosa ni mimi.

Mradi wetu ulikuwa unabeba sampuli za makohozi kutoka zahanati za vijijini kupeleka maabara mjini Geita. Mnavijua vijiji vya maduara, yale mashimo ya dhahabu. Watu wanapasua mawe, vumbi linakaa kifuani, mtu anakohoa miezi na bado anashuka shimoni. Zahanati inachukua makohozi yake, yanafungwa kwenye kiboksi cha baridi, na lazima kiboksi kifike kabla maabara haijafunga mapokezi saa sita mchana. Kikichelewa, sampuli inaharibika, na mgonjwa anarudi kukohoa na watoto wake nyumba moja mpaka apatikane tena.

Kabula, ambaye sote tulimwita Mama Shija, alikuwa na njia moja: anaanza kijijini kwao na betri imejaa, anapita zahanati tatu, anaingia mjini. Kilomita thelathini na nane. Anachaji mjini, anarudi alasiri. Wenzake wenye njia ndefu zaidi walikuwa wanafika na mistari miwili ya chaji. Yeye betri ilikuwa inamfia njiani, kama kilomita sita kabla ya mji, karibu kila safari.

Niliikagua ile baiskeli mpaka nikachoka. Tairi, sawa. Breki, sawa. Beringi, nilikunywa kahawa nikarudi, zinazunguka. Nikambadilishia betri na mwenzake. Mwenzake akafika na betri ya Mama Shija bila shida, na Mama Shija akaishiwa na betri ya mwenzake. Hapo nikajiona nimemkamata. Nikaandika kwenye ripoti yangu: "Tatizo si chombo. Tatizo ni mwendeshaji." Niliipenda sentensi ile. Niliisoma mara mbili kwa sauti. Mawazoni mwangu nilikuwa nimeshaamua kwamba anapakia abiria njiani.

Meneja wetu alikuwa kijana mmoja anaitwa Deusi, msomi, mpole, mtu wa kuamini karatasi. Akampa Mama Shija wiki mbili. Betri ikiendelea kuisha, baiskeli inakwenda kwa mtu mwingine. Mama Shija alikuwa na watoto wanne, na mume wake ndiye aliyekuwa mgonjwa wa kwanza wa kifua aliyembeba mwenyewe kwenda kupimwa, zamani, kwa baiskeli ya kawaida. Alipona. Ndiyo sababu aliomba kazi ile, na hakuwa na nyingine.

Akanifuata karakana kesho yake. Akapiga goti, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya.

"Shikamoo, Baba Kulwa."

"Marahaba, Mama Shija."

"Nasikia umeandika kwamba napakia abiria."

"Sikuandika abiria. Nimeandika mwendeshaji."

"Mwendeshaji ni nani?"

"Ni wewe."

Akasema, "Basi kesho njoo tuende wote. Ukimwona huyo abiria, mpe yeye baiskeli."

Nikaenda. Nililala kijijini kwao, na asubuhi tukatoka, yeye mbele na kiboksi chake, mimi nyuma na baiskeli kama ile ile. Hatukumaliza hata nusu kilomita. Mzee mmoja alikuwa anatoa ng'ombe zizini. Mama Shija akafunga breki, akashuka, akasimamisha baiskeli kwa stendi, akapiga goti, akaamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, ng'wanawane. Mmeamkaje huko, mwanangu?"

Wakaulizana habari za usiku, za ng'ombe aliyezaa, za mjukuu mwenye homa, za mvua. Kisha akapanda, akakunja resi yote kutoka pale pale aliposimama, kwenye mchanga, na baiskeli ikanyanyuka kwa taabu. Mita mia mbili mbele, bibi anafagia uwanja. Breki. Stendi. Goti. Resi. Halafu mabinti wa kisimani na mama mkwe wao. Breki. Goti. Resi. Mfukoni nilikuwa na punje za mahindi mabichi nilizokuwa natafuna, nikaanza kuhamisha punje moja mfuko wa pili kila anaposhuka. Kabla ya zahanati ya pili mfuko wa kwanza ulikuwa mtupu, nikaanza kuzirudisha.

Nikamsogelea. "Mama Shija, huwezi kuwasalimia ukiwa juu ya baiskeli?"

Akaniangalia kama nimemwambia avue kanga sokoni. "Juu ya baiskeli? Baba Kulwa, mimi nimeolewa huku. Wote hawa ni wakwe zangu."

Aliposimama kwa muda mrefu kuliko kote ni kwa bibi mmoja anaitwa Mayu Holo, yaani Mama Holo, kikongwe, haoni kabisa. Nyumba yake ilikuwa peke yake kando ya jabali, na juu ya jabali alikuwa ameanika michembe, viazi vile vilivyokatwa vikakauka. Alikuwa anavigeuza kwa vidole, kimoja kimoja. Mama Shija akamsalimia, akamsimulia yote aliyoyakuta njiani, nani kazaa, nani kahama, na bibi akacheka mpaka akakohoa. Tulipoondoka Mama Shija aliniambia kwamba wana wa bibi yule wako machimboni, wanakuja wakikumbuka.

Betri ilikufa pale pale inapokufaga. Kabla sijashuka vizuri, vijana wawili waliokuwa na mkokoteni wa ng'ombe wakasimama wenyewe. "Leta, shemeji," wakasema. Wakapakia baiskeli yake, kiboksi akakipakata, wakakata njia ya mkato, tukafika maabara saa sita haijagonga. Nilipouliza, nikaambiwa ni kawaida. Siku nyingine anakokotwa na bodaboda, siku nyingine watu wanamsukuma kwa zamu. Kiboksi chake hakijawahi kuchelewa hata siku moja. Nililisikia jambo hilo likapita sikio hili likatokea lile. Kichwani mwangu kulikuwa na betri tu.

Nilirudi kwa Deusi nimefurahi kama mtoto. "Nimepata! Ni salamu!" Nikamweleza kwamba baiskeli ikiwa inakwenda haina njaa sana, njaa yake kubwa ni kuondoka. Kuinyanyua kutoka kusimama, na mzigo, kwenye mchanga, kwa resi kamili, inakunywa chaji nyingi kwa sekunde chache, halafu breki inaitupa yote. Fanya hivyo mara arobaini na ushee, umeshapoteza zile kilomita sita. Nikafuta ripoti yangu ya kwanza, nikaandika nyingine kwamba Mama Shija hana kosa lolote. Deusi akafurahi pia. Akasema suala limekwisha, akachapa tangazo: mwendeshaji asisimame popote isipokuwa zahanati. Anayesalimiwa ainue mkono, apite.

Aliniuliza, "Fundi, unaonaje?"

Nikasema, "Sawa kabisa." Kinywa hiki hiki.

Mama Shija alilisoma tangazo akiwa amesimama. Hakubisha, alikuwa anaihitaji kazi. Aliuliza tu, "Hata kwa Mayu Holo?" Deusi akasema sheria ni sheria, ila bibi ataelewa akielezwa. Hakuna aliyesema nani ataeleza.

Wiki tatu betri ikafika mjini na mstari mmoja na nusu. Mimi nikawa natembea kifua mbele karakana nzima. Nikawaambia wapanda baiskeli wengine kwamba nimeongeza kilomita bila kununua hata nati. Mama Shija akija haongei. Anachomoa betri, anaiweka kivulini, anakaa kando.

Kisha mvua ikaja. Mnalijua lile bonde la udongo mweusi kabla ya zahanati ya tatu. Udongo ukalijaa gurudumu mpaka kwenye madigadi, likagoma, na alipolilazimisha mnyororo ukakatika. Akatoa kiboksi, akakibeba kichwani, akaburuta baiskeli kwa mkono mmoja. Watu walikuwa barazani wanakinga mvua. Walimwona. Hakuna aliyenyanyuka. Mzee yule wa ng'ombe, aliyekuwa amekuja huku kwa jamaa zake, alisema kwa sauti ya upole, "Pita tu, mama. Si una haraka?"

Alifika saa nane. Mapokezi yalikuwa yamefungwa. Sampuli zikaharibika, wagonjwa wakaitwa upya, na wote walirudi isipokuwa mmoja, mchimbaji aliyekuwa ametembea kutoka machimboni alfajiri ili apime. Walipomtafuta walikuta kambi yake imehamia kwenye mgodi mpya, hakuna anayejua wapi. Sijui kama alipimwa tena. Ninamfikiria mtu yule ambaye sikuwahi kumwona uso, na sitaki mniambie kwamba halikuwa kosa langu.

Mama Shija alikuja karakana na matope mpaka kiunoni. Siku hiyo hakupiga goti wala hakuamkia.

"Baba Kulwa," alisema, "betri ilikuwa imejaa."

Akaniachia baiskeli, akaondoka.

Siku mbili sikufanya kazi nyingine. Nilichukua baiskeli yake, nikaifunga mawe nyuma yenye uzito wa kiboksi, maji, na zile kilo ambazo mwili wake unanizidi mimi mzee mkavu, nikaenda kwenye mchanga nyuma ya karakana. Nikawa naondoka na kusimama, naondoka na kusimama, mpaka majirani wakamuuliza mke wangu kama niko sawa. Nilichokipata ni hiki, na nakitoa bure. Usiondoke kwa umeme. Ukimaliza kusalimia, sukuma kwa miguu hatua nne tano, baiskeli ikishaanza kutembea panda, piga pedeli raundi tatu, ndipo ufungulie mota kidogo kidogo. Na kusimama kuna ufundi wake. Ukimwona mkwe wako kwa mbali, achia resi mapema, acha baiskeli ijiendee mpaka ichoke yenyewe, usifike na mwendo ukautupa kwenye breki. Kama kuna mteremko, msalimie ukiwa juu yake, pua ya baiskeli ikitazama chini. Na nyumba zikiwa tatu zimekaribiana, usipande kabisa katikati. Zisalimie zote ukisukuma. Ni heshima hiyo hiyo, na betri haijui kama ulishuka.

Nikampelekea Mama Shija baiskeli yake na ufundi huo kijijini mwenyewe. Alinisikiliza bila kutabasamu, akajaribu, akajaribu tena. Nikasimama mbele ya Deusi na waendeshaji wote nikasema kwamba lile tangazo baba yake ni mimi, na kwamba watu wa njia ile ndio waliokuwa kilomita sita za mwisho za Mama Shija, na mimi nilizifuta kwa kalamu. Deusi akalibandua tangazo mwenyewe. Alikuwa kijana mwema, na ninamkumbuka kwa hilo.

Safari ya kwanza Mama Shija alifika mjini na mstari mmoja mwembamba unaopepesa. Salamu zote alizitoa. Kazi yake ikabaki yake, na mpaka ninastaafu hakuna aliyeigusa.

Lakini kabla ya safari hiyo aliniambia hawezi tu kuanza kusalimia kana kwamba hakuna kilichotokea. Lazima apite aombe radhi, nyumba kwa nyumba. Nikasema tutakwenda wote. Siku nzima tulikwenda. Tulitaniwa, tukanyweshwa maziwa ya mgando mpaka nikashindwa kuinama. Mzee wa ng'ombe alisema, "Kumbe umeme unakata na ulimi," akacheka, akampa Mama Shija mkono.

Mwisho tukafika kwa Mayu Holo. Alikuwa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua michembe. Tulifika karibu kabisa na hakuinua kichwa, maana baiskeli hizi hazina sauti. Mama Shija akapiga goti.

"Mwangaluka, mayu."

Vidole vikasimama. "Nani?"

"Ni Kabula, mayu."

"Kabula amekufa," bibi alisema, bila ukali, kama mtu anayemwelekeza mgeni. "Niliwauliza watu, wakaniambia wanamwona anapita. Nikajua wananificha. Sisi wazee tunafichwa misiba."

Mama Shija akauchukua mkono wa bibi akauweka usoni pake. Bibi akampapasa paji, pua, mashavu yaliyolowa, akarudia tena. "Nilikulilia, ng'wanawane," akasema. "Nilikaa chini nikakulilia, peke yangu."

Sikuweza kuvumilia. Nikasema, "Mayu, ni mimi niliyemkataza kusimama. Mimi ni fundi wa baiskeli."

Akageuza uso upande wa sauti yangu. "Kwa nini ulimkataza?"

"Ili chaji ifike mjini, mayu."

"Ikafika?"

"Ikafika."

Bibi alitoa ungo mapajani akausogeza upande wangu nile. Wanaume wa kwetu hatupigi magoti kusalimia, wala sikuwahi kumwona baba yangu akifanya hivyo. Nilipiga magoti pale pale vumbini, mzee mzima, nikaanza salamu upya.